Wimbo wa Kufoka Mlangoni pa Kanisa: Uhakiki Kutoka Kigera

Utangulizi

Katika lugha yetu neno "kufoka" lina maana mbili zilizo jirani. Maji yachemkapo na kufurika chunguni, husemwa yamefoka. Na mtu asemaye kwa ukali bila kupumzika, naye husemwa anafoka. Muziki wa hip-hop ulipoingia Tanzania, watu wazima wengi waliuita "muziki wa kufokafoka". Waliuita hivyo kwa kuukebehi, lakini jina lile lilikuwa na ukweli kuliko walivyokusudia. Chini ya chungu palikuwa na moto, na mfuniko ulikuwa umeanza kunyanyuka.

Makala hii inakusudia kuutazama muziki huo kwa jicho la uhakiki na kwa jicho la theolojia. Hatuandiki ili kuwafurahisha vijana, wala ili kuwatuliza wazee. Tunawaandikia watumishi wa Neno, pamoja na wanafunzi wanaojiandaa kwa utumishi huo, kwa sababu tumeona kwamba katika sharika zetu jambo hili huamuliwa kabla ya kusikilizwa. Swali linaloulizwa barazani ni moja tu: je, muziki huu unaruhusiwa kanisani? Twadhani swali hilo si la kwanza. La kwanza ni hili: waimbaji hawa wanasema nini, na je, wanasema kweli?

Tunaandika tukiukumbuka mtaa wa Kigera, Musoma, ambako tulitumikia kabla ya kuitwa kufundisha chuoni, na ambako hurudi kila likizo. Huko tulifanya uamuzi mmoja ambao hadi leo unatusumbua. Tutaueleza mahali pake.

Kuiga, kutafsiri, kutunga

Historia ya hip-hop huanzia mtaa wa Bronx, jijini New York, mwaka 1973, katika sherehe za vijana weusi na wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi. Vijana hao hawakuwa na vyombo vya gharama. Walichukua sahani za santuri za watu wengine, wakarudiarudia kipande chenye mdundo, na juu ya mdundo huo wakasema. Kutoka huko muziki huo ulifika Dar es Salaam kwa kanda za kaseti na za video, mikononi mwa vijana waliokuwa na ndugu ng'ambo au wazazi wenye uwezo. Mwanzoni waliimba kwa Kiingereza na kuvaa kama Wamarekani.

Mabadiliko yalianza pale Saleh Jabir alipouchukua wimbo uliovuma wa Mmarekani Vanilla Ice, mwaka 1991, akautia maneno ya Kiswahili. Mwaka 1993 liliundwa kundi la Kwanza Unit kwa kuunganisha makundi madogo ya Dar es Salaam. Kisha akaja Joseph Mbilinyi wa Mbeya, aliyejulikana kama Mr. II na baadaye kama Sugu, na albamu yake Ni Mimi ya mwaka 1995, ikifuatiwa na Ndani ya Bongo ya mwaka 1996. Kundi la Hard Blasters, alimokuwamo Joseph Haule aitwaye Professor Jay, lilitoa Funga Kazi mwaka 2000.

Njia ya kuwafikia watu nayo ilikuwa imefunguka. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Tanzania Bara walikuwa wameitegemea Radio Tanzania Dar es Salaam. Lakini baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 zilianza redio za watu binafsi, na mwaka 1994 Radio One ilikuwa hewani. Watayarishaji kama Master J na P-Funk Majani wakajenga sauti ambayo haikuwa nakala ya Marekani. Katika nusu ya pili ya muongo huo likaenea jina la Bongo Fleva. "Bongo" ni Dar es Salaam, na kisha nchi nzima, mahali ambapo mtu haishi bila kutumia ubongo. Hatimaye muziki ukatoka Dar es Salaam. Arusha ilileta X Plastaz, waliochanganya kufoka na uimbaji wa Kimaasai. Tanga ikaleta Wagosi wa Kaya. Morogoro ikamleta Afande Sele. Na Mwanza, majirani zetu wa kando ya ziwa, ikamleta Fid Q. Ng'ambo ya mpaka, kundi la Kalamashaka la Dandora, Nairobi, lilikuwa likifoka kwa Kiswahili katika miaka hiyohiyo ya 1990.

Msomaji wa gazeti hili ataitambua safari hiyo, kwa maana ndiyo safari ya uimbaji wetu wenyewe. Sisi nasi tulianza kwa kuiga. Tukatafsiri nyimbo za Kijerumani na za Skandinavia, tukilazimisha mkazo wa maneno ya Kiswahili kuifuata tuni isiyouheshimu. Halafu katika miaka ya 1960 Howard Olson, mwalimu wa Makumira, akakusanya tuni za makabila yetu na kuzitia maneno ya imani, na kutokana na kazi hiyo tukapata Tumshangilie Mungu. Wako waliolalamika wakati ule kwamba ngoma imeingizwa madhabahuni. Leo hakuna anayezishangaa tuni hizo. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba hip-hop ni kitu cha kigeni na ndiyo maana hakifai, na ajiulize kwanza kinanda kilitoka kijiji gani cha Mara.

Juu ya ufundi wa maneno

Mhakiki hana budi kupima ufundi pia. Ushairi wa Kiswahili una sheria zake. Utenzi, kwa mfano, huwa na mishororo minne katika ubeti, kwa kawaida kila mshororo ukiwa na mizani minane. Mishororo mitatu ya kwanza hulingana vina, na wa nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho. Mwaka uleule wa 1996, Ndani ya Bongo ilipotoka, kilitoka pia kwa wachapaji Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho kitabu cha mzee wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliyezitia Injili na Matendo ya Mitume katika utenzi. Hatudai kwamba kazi hizo mbili zinafanana. Twasema tu kwamba mzee mwenye miaka zaidi ya sabini na kijana wa Mbeya, kila mmoja kwa njia yake, waliamini kwamba jambo zito huweza kusemwa kwa vina na watu wa kawaida wakalishika.

Mtu anayefoka haihesabu mizani kama mtunzi wa utenzi. Anahesabu mapigo. Ndani ya mapigo manne anaweza kutia silabi chache au nyingi, mradi atue panapotakiwa. Hapa Kiswahili humsaidia na kumponza pia. Humsaidia kwa sababu maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na mkazo huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo vina hupatikana kwa urahisi. Humponza kwa sababu hiyohiyo. Kinachopatikana kwa urahisi huweza kuficha uvivu wa fikra, na nyimbo nyingi zimejaa vina vya viambishi tu, kitenzi juu ya kitenzi, visivyosema lolote. Wahubiri wasicheke, kwa kuwa nasi tunazo hotuba zenye vichwa vitatu vinavyoanza kwa herufi moja, na ndani yake hamna kitu. Mwenye ufundi hutia vina katikati ya mstari, huvunja matarajio, na huchagua neno kwa uzito wake. Fid Q aliiita albamu yake ya kwanza Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na jina hilo laonyesha kwamba aliijua kazi anayoifanya kuwa ni ya ushairi.

Wala si jambo jipya kwetu Mara kusema juu ya mdundo. Mpiga ritungu wa Kikurya humtaja mtu kwa jina na kwa ukoo. Humsifu, na mara nyingine humchoma. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hukaa matangani akamlilia marehemu kwa kutaja matendo yake na watu wake. Vijana wa Kigera wanaosimama kijiweni wakifoka wamezaliwa katikati ya vyombo hivyo, hata kama wengi wao hawajawahi kuvishika.

Ushuhuda na unabii

Sasa tuangalie yasemwayo. Mwaka 2001 Professor Jay alitoa wimbo uitwao Ndio Mzee. Ndani yake mwanasiasa yuko jukwaani, anatoa ahadi juu ya ahadi, nazo zinakua hadi kuwa kichekesho, na umati unaitikia kila ahadi kwa maneno yaliyo jina la wimbo. Wengi waliuelewa kuwa kejeli juu ya wanasiasa. Ndivyo ulivyo, lakini twadhani ukali wake mkubwa uko kwa waitikiaji. Ni watu waliozoea kuitikia kabla ya kusikia. Mchungaji anayesimama kila Jumapili mbele ya watu wenye viitikio vilivyoandikwa hawezi kuusikiliza wimbo huo bila kujiuliza habari za liturgia yake mwenyewe. Je, "Amina" ya washarika wetu imetoka katika kusikia, au ni ndio mzee ya kanisani?

Wimbo mwingine ni Starehe, wa Ferooz akishirikiana na Professor Jay, uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Msemaji ni mtu aliyeugua UKIMWI, anayekaribia kufa na kuyasimulia maisha yake. Katika miaka ambayo mazishi yalikuwa mengi na wahubiri wengi walisema "aliugua kwa muda mrefu" bila kutaja ugonjwa, wimbo huu ulitamka. Kwa hilo tuna deni nao. Hata hivyo kuna la kuuhoji. Katika wimbo huo ugonjwa ni mshahara wa anasa, na msikilizaji huondoka akidhani kwamba kila mgonjwa ameyavuna aliyoyapanda. Hiyo ni theolojia ya marafiki wa Ayubu, na sisi wachungaji ndio tulioifundisha kabla wanamuziki hawajaikariri. Tangu mwaka 2004 serikali ilipoanza mpango wa kitaifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi, watu wengi wenye virusi wanaishi, wanafanya kazi na kulea watoto. Wimbo ule wabaki kuwa ushahidi wa wakati wake, na atakayeutumia darasani leo hana budi kulisema hilo.

Wagosi wa Kaya nao waliimba juu ya wauguzi na jinsi wagonjwa maskini wanavyopokewa hospitalini. Wauguzi wengine walichukizwa, wakisema kwamba wametukanwa wote kwa makosa ya wachache na kwamba hakuna aliyetaja mazingira magumu ya kazi yao. Wana haki katika hilo la pili. Lakini tunaona hapa alama moja ya unabii wa Biblia: kuutaja udhalimu mahali pake, kwa wakati wake, bila kusema kwa jumla kwamba "dunia imeharibika".

Na pale unabii unapotajwa, Amazia hayuko mbali. Katika Amosi sura ya 7, kuhani wa Betheli hamjibu nabii kama amesema kweli au uongo. Anamwambia tu kwamba mahali hapa ni pa mfalme, aende akatabiri kwingine. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa la Taifa likaufungia. Siku iliyofuata aliachiwa, na Rais John Magufuli mwenyewe akashauri upigwe, hata uongezewe mambo. Mwezi uliofuata Roma Mkatoliki (jina ambalo Mlutheri hulisoma mara mbili) alitekwa studio pamoja na wenzake, wakaonekana tena baada ya siku tatu. Mwaka 2018 orodha nzima ya nyimbo ilipigwa marufuku hewani. Baadhi kwa ajili ya matusi, ambalo ni jambo la kujadiliwa, lakini si zote. Hatusemi kwamba kila aliyefungiwa ni Amosi. Matusi hayawi unabii kwa sababu yamefungiwa. Twasema tu kwamba Kanisa lisijikute limekaa katika kiti cha Amazia, likiuliza wimbo umeimbwa wapi badala ya kuuliza kama wimbo ni wa kweli.

Udhaifu ulio wazi

Tungekuwa wahakiki wabaya kama tungesifu tu. Kosa la kwanza la muziki huu ni majigambo. Mwimbaji anajisifu kwa vina vyake, kwa fedha zake, kwa gari lake, kwa wapinzani aliowazika. Watetezi wake husema kwamba majigambo ni desturi ya Kiafrika, na ni kweli. Wahaya ng'ambo ya ziwa wana majivuno yao ya kughani mbele ya mtawala, na mashujaa wa Mara walikuwa na yao. Lakini shujaa wa zamani alijigamba kwa jambo alilolitenda kwa ajili ya watu wake, na waliokuwapo wangeweza kumsuta. Majigambo ya leo mara nyingi hayana wa kuyasuta. Mtume Paulo katika 2 Wakorintho sura ya 11 na ya 12 anaingia katika mchezo huohuo wa kujisifu, akikiri kwamba ni upumbavu, halafu anaupindua: anajisifia mapigo, njaa, kuvunjikiwa na merikebu, na udhaifu wake. Kijana wa darasa la Kipaimara anayeipenda hip-hop angeielewa sura hiyo upesi kuliko sisi, laiti tungemwonyesha kwamba ni majigambo yaliyopinduliwa.

Kosa la pili ni jinsi mwanamke anavyotajwa. Katika nyimbo nyingi yeye ni mtego, au ni pambo, au ni mwenye tamaa ya fedha. Zay B na Sista P walifoka mapema, na katika miaka ya karibuni Rosa Ree amesimama mahali pake, lakini idadi yao imekuwa ndogo. Hapa Kanisa lisijivune. Katika mabaraza yetu mengi wanawake ndio wanaojaza viti vya ibada, na wanaume ndio wanaojaza viti vya maamuzi.

Kosa la tatu ni soko na siasa. Mwaka 2002 wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji, Unbwogable, ulibebwa na muungano wa NARC nchini Kenya hadi ukawa wimbo wa ushindi wa uchaguzi. Kwetu nasi wasanii hupanda majukwaa ya kampeni kila baada ya miaka mitano. Wengine wameingia bungeni wenyewe: Sugu kwa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, Professor Jay kwa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020, na Hamis Mwinjuma, yaani MwanaFA, kwa Muheza tangu 2020, akawa naibu waziri mwaka 2023. Hatuwalaumu kwa hilo. Nchi inahitaji wabunge wanaojua kusema. Lakini yule anayelipwa ili awaitikishe watu jukwaani amehamia upande wa pili wa wimbo wa Ndio Mzee. Tangu zamani manabii wa nyumba ya mfalme walikuwa wengi, na chakula chao kilikuwa kizuri.

Luther na wimbo wa sokoni

Katika mijadala ya namna hii husikika usemi kwamba Luther alisema Shetani asiachiwe tuni zote nzuri. Wanafunzi wetu huupenda. Tunawasihi wauache, kwa sababu maneno hayo hayapatikani katika maandishi yake, na hoja njema haihitaji shahidi wa uongo. Historia yenyewe yatosha.

Tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili Waagustino, Hendrik Vos na Johannes van den Esschen, walichomwa moto mjini Brussels kwa kuishika imani ya Matengenezo. Habari zilipomfikia, Luther alitunga wimbo. Haukuwa wimbo wa ibada. Ulikuwa wa namna ile ya nyimbo za habari zilizoimbwa sokoni na kuuzwa kwa karatasi mojamoja, ukisimulia nani ameuawa, wapi, na nani aliyewaua. Huo ndio wimbo unaohesabiwa kuwa wa kwanza kati ya nyimbo zake. Mwaka uliofuata, 1524, ndipo kilipochapishwa kijitabu cha nyimbo nane, nne zikiwa zake. Tafakari jambo hili: mtunzi mkuu wa Kanisa letu alianza na wimbo wa mtaani juu ya vijana wawili waliouawa. Zaburi na liturgia zilifuata.

Historia hiyo ina upande wa pili, nao tusiufiche. Wimbo wake wa Noeli juu ya habari njema kutoka mbinguni ulichapishwa kwanza mwaka 1535 ukiwa na tuni ya wimbo wa mafumbo wa watu wa kawaida; mwaka 1539 ukatokea na tuni nyingine, ile inayoimbwa hadi sasa. Alikuwa huru kuazima, na akawa huru kuacha. Uhuru wa namna hiyo ndio tunaoutamani kwa wachungaji wetu: pasipo hofu na pasipo ushabiki.

Karatasi ya Kigera

Na sasa tuseme lililotusukuma kuandika. Katika miaka ya utumishi wetu Kigera, dhoruba ya usiku ilipindua mtumbwi wa wavuvi wa dagaa. Mmoja wa waliokufa alikuwa na mdogo wake katika darasa letu la Kipaimara, kijana mkimya aliyejulikana kijiweni kwa kufoka. Siku moja kabla ya mazishi alikuja nyumbani kwetu akaomba nafasi ya dakika mbili kaburini amwimbie kaka yake. Tulimwambia alete maneno kwa maandishi. Jioni alileta karatasi iliyokatwa katika daftari.

Tuliisoma pamoja na wazee wa kanisa. Hapakuwa na tusi wala kufuru. Aliutaja mtumbwi kwa jina, na taa zilizozimika, na saa. Aliuliza kwa nini watu sita walikwenda bila hata koti moja la kuokolea. Aliuliza mwenye mtumbwi alikuwa wapi usiku ule. Kisha akamgeukia Mungu akamwuliza ziwa hili ni la nani, kama linalisha asubuhi na kula usiku. Hapo akaishia. Hakumalizia na ufufuo.

Tulimkatalia. Sababu tuliyompa ni kwamba maneno yake hayana tumaini, na kwamba kaburini Mkristo husema tumaini. Sababu ambayo hatukumpa ni kwamba tuliona aibu juu ya mdundo na kofia yake mbele ya wageni kutoka mjini. Kwaya iliimba wimbo unaoimbwa katika kila mazishi. Watu walipokuwa wakirudi, walimkuta kijana kijiweni anayasema yale yale bila ala yoyote, na wanawake waliokuwa kimya kaburini wakaketi chini wakalia. Tulipita pale tukiwa bado tumevaa joho. Hatukusimama.

Baada ya miezi michache tulikuwa tukiandaa somo juu ya Zaburi ya 88, zaburi ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la faraja, na ambayo Kanisa la Mungu limeitunza katika kitabu cha sala zake. Tukaikumbuka karatasi. Tukakumbuka pia maombolezo ya Daudi juu ya Sauli na Yonathani katika 2 Samweli sura ya 1, ambayo hayalitaji jina la Mungu hata mara moja. Tulikuwa tumemdai kijana wa miaka kumi na sita jambo ambalo Maandiko hayakumdai mtunga zaburi. Maneno yake yalikosa hitimisho, ndiyo. Lakini hitimisho lilikuwa kazi yetu sisi tulioitwa kuhubiri ufufuo kaburini. Kama angesema kilio chake na sisi tukasema Injili baada yake, wasikilizaji wangesikia Injili ikijibu swali. Badala yake walisikia jibu, na swali lenyewe likabaki kijiweni.

Yeye hakurudi kwenye darasa la Kipaimara. Tulimtafuta kwa kuchelewa; alikuwa amekwisha kuhama.

Mapendekezo

Hatudai kwamba kila ibada iwe na wimbo wa kufoka. Kipo kipaji na upo upuuzi, na mchungaji ana wajibu wa kupambanua. Lakini apambanue kwa vipimo vinavyofaa, na sisi tunapendekeza vitatu. Kwanza, je, maneno ni ya kweli, yaani yanataja jambo lililopo, kwa namna ambayo wanaolijua wanaweza kulithibitisha? Pili, je, yanamheshimu mtu ambaye hawezi kujibu: mwanamke, mgonjwa, maskini, marehemu? Tatu, je, msemaji amesimama chini ya maneno yake mwenyewe, au anawahukumu wengine tu? Vipimo hivi vikitumika kwa haki, nyimbo nyingi za Bongo Fleva zitaanguka. Twahofu kwamba na hotuba zetu kadhaa zitaanguka pamoja nazo.

Kwa upande wa chuo, tunapendekeza kwamba masomo ya Liturgia na ya Kuhubiri yawape wanafunzi zoezi la kusikiliza nyimbo za vijana wa mahali watakapotumwa, na kuandika kwa maneno yao wenyewe kile wanachokisikia, kabla ya kuruhusiwa kutoa maoni yoyote. Sharikani, mchungaji na wazee wa kanisa wanaweza kutenga saa moja kabla ya mkesha wa mazishi, ambapo jamaa na vijana wataomboleza kwa namna waijuayo, na mchungaji akae asikilize, ndipo ahubiri. Jambo hili tumelipeleka mbele ya wazee wa Kigera. Wengine wamekubali. Mzee mmoja, ambaye hekima yake tunaiheshimu, ameuliza itakuwaje siku kijana atakapomtaja mwenye mtumbwi kwa jina, naye mwenye mtumbwi ameketi kiti cha mbele. Hatujampa jibu, na twawaomba wasomaji, hasa wale watakaobarikiwa mwaka huu, watusaidie kulitafuta.

Karatasi ile bado tunayo. Imo ndani ya kitabu chetu cha ibada, katika ukurasa wa mazishi.